Mahali pa Mwanga, lakini kwa Nani?

Wengi wetu tuna jamaa walioko Johannesburg, nao hutusimulia sifa za Maboneng. Jina hilo kwa Kisotho maana yake ni «mahali pa mwanga». Mwaka 2009 kampuni ya Propertuity, ya Bwana Jonathan Liebmann, ilifungua huko Arts on Main ndani ya maghala makuukuu. Mchoraji William Kentridge akaweka karakana yake humo. Kisha zikaja nyumba za kupanga, mikahawa, na sinema.

Kazi hiyo naisifu. Anayesema kwamba yote yalikuwa hila, anaonea.

Lakini mtaa ukipendeza, wenye majengo ya jirani nao huamka: hupandisha kodi, au huwatoa maskini waliomo. Mwaka 2015 watu wa Jeppestown, mtaa wa ubavuni, waliandamana kuelekea Maboneng kwa hofu ya kufukuzwa. Sisemi kwamba kampuni ile ndiyo iliyowafukuza. Nauliza, mji ulikuwa umewaandalia nini? Maana Mahakama ya Katiba ilikwisha kuamua mwaka 2011, katika kesi ya Blue Moonlight, kwamba maskini akitolewa katika nyumba ya mtu binafsi, mji umtafutie makao ya muda. Basi deni ni la mji, si la mfanyabiashara peke yake. Naye, tusisahau, ana mipaka: mwaka 2019 Propertuity ilifilisiwa, majengo yake yakapigwa mnada.

Maghala yangalipo. Mfanyakazi wa Jeppestown naye angali anatafuta chumba karibu na kazi, kwa kuwa akihamia mbali, nauli itamla mshahara.