Homer Juu ya Ngamia

Ukiambiwa uchore Garissa kwa dakika mbili, utachora nini? Nimewauliza marafiki kadhaa hapa Nairobi swali hili na majibu yao yanafanana sana: jua kubwa, mti mmoja wa miiba, ngamia, vumbi. Wengine hunyamaza kidogo kisha wanataja tarehe 2 Aprili 2015, siku watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siwalaumu. Lakini hakuna hata mmoja aliyenichorea mtu anayetunga shairi, ama mtoto anayecheza. Kwa wengi wetu Garissa ni mahali pa vitu visivyokuwepo: hakuna maji, hakuna usalama, hakuna vitabu.

Picha hiyo ndiyo inayobeba riwaya ya Mmarekani Masha Hamilton, The Camel Bookmobile, iliyotoka mwaka wa 2007. Kama hujaisoma, stori ni hii. Fiona Sweeney, mkutubi kutoka New York, anataka kufanya jambo la maana maishani. Anakuja Kaskazini Mashariki mwa Kenya kusaidia kuanzisha maktaba inayobebwa na ngamia. Ngamia wanafika hadi kijiji cha kubuni kiitwacho Mididima. Sheria ni moja na ni kali: kitabu kimoja kikikosa kurudi, ngamia hawarudi tena. Kisha kijana mmoja aliyeraruliwa na fisi utotoni, wanayemwita Scar Boy, anakaa na vitabu na harudishi. Kijiji kinagawanyika, na moto unawaka kuanzia hapo.

Maktaba yenyewe ipo kweli. Huduma ya Kitaifa ya Maktaba, KNLS, iliianzisha Garissa mwaka wa 1996, na baadaye Wajir nayo ikapata ngamia wake. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hubeba hema. Wakifika, hema linasimamishwa, mikeka inatandikwa, watoto wanasoma. Mimi sina ugomvi wowote na maktaba hiyo. Kuna shule ambazo gari halifiki mvua ikinyesha, na ngamia anafika. Aliyewaza hivyo alikuwa na akili nzuri.

Wala Hamilton si mwandishi mbaya. Riwaya yake inapokezana sauti: mara Fiona, mara mwalimu, mara bibi mzee, mara msichana anayetamani kuondoka. Hamfanyi Fiona kuwa malaika. Anaonyesha kwamba mgeni mwenye nia njema anaweza kuvuruga kijiji kizima, na kwamba wazee wanaokataa vitabu wana sababu zao. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliifurahia zaidi.

Kuna mambo madogo yanayokera. Fundi wa ngoma wa Mididima anaitwa Abayomi, jina la Kiyoruba. Ukiwa Lagos, huyo ni jirani yako. Ukiwa Garissa, unabaki kujiuliza jamaa alishukia stendi gani. Unaweza kusema riwaya ni ya kubuni, kijiji ni cha kubuni, basi majina nayo yawe ya kubuni. Sawa. Kinachonisumbua mimi ni kilichomo ndani ya sanduku.

Fiona anataka kuwaletea watu wa nyikani maneno ya Homer, Hemingway na Dr. Seuss. Haya majina matatu yanapita haraka, kama orodha ya vitu vya dukani. Nataka tusimame hapo, kwa sababu naona ndipo riwaya inapojisaliti bila kujua.

Tuanze na Homer. Iliad na Odyssey ziliishi midomoni kabla ya kuishi kwenye karatasi. Miaka ya 1930 msomi wa Harvard aitwaye Milman Parry, pamoja na mwanafunzi wake Albert Lord, walikwenda Yugoslavia kuwarekodi waimbaji wa tenzi ndefu, wengi wao wasiojua kusoma. Walitaka kuelewa jinsi utungo mrefu namna ile unavyoweza kutungwa bila kalamu. Yaani msomi alifunga safari kwenda kumtafuta Homer kwa watu wasiosoma. Fiona naye anafunga safari kuwapelekea Homer watu wasiosoma. Ngamia ni yuleyule, ila amegeuzwa uso.

Na huku anakopelekwa Homer kuna nini? Kuna gabay, shairi refu la Wasomali lenye kanuni ngumu: sauti moja inachaguliwa, na kila mstari hadi mwisho lazima uwe na neno linaloanza kwa sauti hiyo. Jaribu mistari minne tu ya Kiswahili kwa herufi moja uone utakavyotoka jasho. Sasa fikiria mistari mia. Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka wa 1972, kule Somalia. Kabla ya hapo mashairi yalihifadhiwa kichwani, na mkariri alitakiwa kumtaja mtunzi kabla ya kuanza. Baadaye yakasafiri kwa kaseti, na siku hizi yanasafiri kwa WhatsApp. Wanawake wana utanzu wao, buraanbur. Kuna nyimbo za kunywesha ngamia kisimani, zenye mapigo yanayofuata mkono unaovuta maji. Hii kitu yote imetoka kwa mifugo, mvua na njia.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Kabla sijaondoka nilisoma muhula mzima wa fasihi simulizi: tanzu, vipera, sifa, majukumu. Neno gabay halikutajwa hata mara moja. Tulikuwa Kenya, nchi yenye Garissa, Wajir na Mandera ndani yake.

Wa pili ni Dr. Seuss. Huyu nampenda kweli. The Cat in the Hat ya mwaka wa 1957 imeandikwa kwa maneno 236 tofauti, hayazidi hapo, na uchawi wake wote uko kwenye sauti: vina, mapigo, mchezo wa ulimi. Sasa mchukue mtoto wa wafugaji. Kisomali kina geel kwa ngamia kwa ujumla, hal kwa jike mzima, awr kwa dume wa mizigo, baarqab kwa dume la mbegu, qaalin kwa jike mchanga, nirig kwa ndama, irmaan kwa anayekamuliwa. Hapo hatujafika kwenye rangi, tabia na siku za kunywa maji. Mtoto huyo amelelewa na sauti. Akikutana na Seuss, wanakutana mafundi wawili. Hiyo ingekuwa sura tamu kuliko zote katika riwaya: mtoto anasikia paka mwenye kofia akiongea kwa vina, anacheka, halafu anamjibu kwa vya kwake. Mimi nimeitafuta sura hiyo, sikuipata.

Ayeeyo wangu aliishi nje kidogo ya mji wa Garissa, upande wa Modika. Likizo tulipelekwa kwake, na mchezo wetu ulikuwa kokoto. Unaokota kumi, kumi na tano. Nyeupe ni majike wa maziwa, nyeusi kubwa ni baarqab, zile ndogo ni ndama. Unazungushia miiba, boma limekamilika. Kila ngamia ana jina na tabia. Huyu ni mkaidi, huyu amefiwa na ndama hataki kukamuliwa, huyu anatoroka usiku. Binamu yako anakuibia mmoja, kesi inaanza, wazee wa kokoto wanaitwa. Usiku ayeeyo alitega vitendawili kuhusu nyota, mchwa, moshi na kivuli, na ukishindwa ulitozwa ngamia, wa maneno tu lakini aliuma. Na kulikuwa na Dhegdheer, yule mla watu mwenye sikio refu linalosikia nyayo za mtoto kutoka mbali. Kwa kweli sijawahi kusoma hadithi ya kutisha iliyomfikia.

Mtoto mwenye kokoto kumi na boma la miiba tayari ana wahusika, mandhari na mgogoro. Anachokosa ni mtu mzima wa kumwambia kwamba anachofanya kina jina, na jina lake ni sanaa.

Wa tatu ni Hemingway. Huyu alishuka Mombasa Desemba 1933, akaenda kuwinda, zaidi upande wa Tanganyika, akarudi kwao na kitabu: Green Hills of Africa, mwaka wa 1935. Mwaka uliofuata ikaja ile hadithi yake maarufu ya theluji za Kilimanjaro. Nyika yetu ilimpa malighafi, akaigeuza fasihi, na leo vitabu vyake vinasifiwa kwa jinsi anavyoona ardhi. Hakuna ubaya. Msanii huchukua anapopita. Ila kuna kichekesho: mandhari ileile ikimgusa mgeni inakuwa chanzo cha ubunifu, na ikimlea mtoto wa hapa inaitwa mazingira magumu.

Ndiyo maana nasema riwaya inajisaliti. Imejaza sanduku watu watatu: mmoja ni mrithi wa mashairi ya mdomo, mwingine fundi wa sauti, mwingine mwindaji wa mandhari ya Afrika Mashariki. Kisha inawapeleka kwa watu wenye mashairi ya mdomo, wenye sauti, wanaoishi ndani ya mandhari, na inatuomba tuone pengo.

Najua kuna watakaonijibu. Wa kwanza atasema, wewe umekaa Nairobi na bando, unapamba maisha ya uchungaji. Ana hoja. Kuchunga ni kiu, ni miiba miguuni, ni fisi. Kuna watoto wanaochunga kwa sababu hawakupewa nafasi ya darasa, na wasichana wanaobeba maji badala ya daftari. Sitaki mtoto yeyote anyimwe kusoma ili mimi nipate mistari mizuri. Hadraawi, mshairi aliyefariki mwaka wa 2022 na ambaye Wasomali wengi wanamweka juu kabisa, alizaliwa katika familia ya wafuga ngamia mwaka wa 1943, akiwa na miaka tisa akapelekwa kwa mjomba wake Aden, na huko akasoma shule. Shule haikumfuta mchungaji aliyekuwa ndani yake. Alikuwa na vyote viwili, na hicho ndicho ninachodai hapa.

Wa pili atasema, mtu mwenye njaa hahitaji shairi. Huyu namkatalia. Kati ya mwaka wa 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kule kwetu. Mifugo ilikufa kando ya barabara, ukipita na matatu unaziba pua. Watu wakahamia mijini, Garissa ikapanuka, na watoto waliozaliwa wakati huo wanakulia kwenye mabati. Ngamia akifa, tunahesabu maziwa na pesa. Hakuna anayehesabu maneno. Lakini mtoto asiyewahi kumwona qaalin hatalihitaji neno qaalin, na neno lisilohitajika halikai sana. Hata swala wa hirola, ambaye asili yake ni pembe hii ya Kenya na Somalia, amebaki chini ya 500. Kule Ishaqbini, Ijara, jamii yenyewe ilishiriki kumjengea hifadhi yenye uzio mwaka wa 2012, wakaanza na hirola 48. Mnyama amepata uzio. Hadithi za watoto kumhusu, na vitendawili vyake, vitakaa wapi?

Ndipo narudi kwa maktaba, kwa sababu naona jibu linatembea kwa miguu minne. Ngamia wa mizigo alikuwa mbebaji wa sanaa muda mrefu kabla ya mwaka wa 1996. Alibeba aqal, nyumba inayojengwa na wanawake kwa fito zilizopindwa na mikeka waliyosuka wenyewe, ikafunguliwa asubuhi na kusimamishwa tena jioni mahali pengine. Anajua kazi. Tatizo ni kwamba masanduku yanakwenda yamejaa na yanarudi na vitu vilevile, na katika riwaya ya Hamilton hilo ndilo fanikio lenyewe: kila kitabu kimerudi, hakuna kilichoongezeka. Sheria nzima ya Mididima ni kwamba kijiji kisibaki na kitu.

Mimi ningeandika sheria nyingine. Sanduku likifika na vitabu kumi, lisiondoke bila kitu cha hapo: kitendawili kilichorekodiwa kwa simu, mchoro wa boma la kokoto, jina la ngamia na sababu ya kuitwa hivyo. Mkutubi avikusanye, mwalimu aandike kwa Kisomali na Kiswahili, ichapishwe hata kwa fotokopi na stepla, halafu safari inayofuata watoto wa kijiji cha pili wasome ya kijiji cha kwanza. Hii haihitaji mfadhili kutoka New York. Inahitaji mtu anayeamini kwamba kuna kitu cha kukusanya.

Soma The Camel Bookmobile, ni riwaya nzuri ya mgeni anayejifunza mipaka yake. Lakini ukiimaliza, mtafute mtu wa Garissa, Wajir ama Mandera, wako wengi tu Eastleigh, umwombe akutegee kitendawili kimoja cha utotoni. Ukishindwa, lipa ngamia.