Fundi Hataji Bei Kabla ya Kupima

Mwenye duka la samani pale Keko, Dar es Salaam, aliniuliza: "Tovuti ni shilingi ngapi?" Nami nikamuuliza: mteja akija na kusema "kabati ni shilingi ngapi", wewe humjibuje? Akasema hataji bei mpaka achukue futi kamba akapime ukuta. Hapo tukaelewana. Naeleza hapa jinsi bei ya kazi yake ilivyopatikana, kwa sababu nawaona vijana wenye ustadi mkubwa wa kuunda tovuti wakiiacha kazi hii kwa kushindwa kuuza ustadi wao.

Nami nilishaumia. Bei ya kazi yangu ya kwanza niliipata kwa kumuuliza rafiki yeye hutoza kiasi gani. Nikataja 400,000. Kazi ikala siku 15, yaani chini ya shilingi 27,000 kwa siku, kabla ya kutoa umeme na bando. Mali bila daftari huisha bila habari.

Siku moja ni kiasi gani?

Safari hii nilianza na daftari. Matumizi ya nyumbani kwa mwaka ni shilingi 18,000,000. Intaneti, umeme, simu na akiba ya kununua kompyuta nyingine hii ikichoka ni 4,800,000. Kodi na dharura nikazitengea 3,600,000. Jumla ni 26,400,000.

Kosa la wengi liko kwenye kugawanya. Mwaka una siku za kazi 260, lakini hazilipwi zote. Nikatoa 30 za sikukuu, ugonjwa na misiba. Katika 230 zilizobaki, karibu nusu huenda kwenye kutafuta wateja, vikao, kufuatilia madeni na kujifunza. Zinazolipwa ni kama 120. Ukigawanya kwa 120, siku moja ni 220,000. Ukigawanya kwa 260, unapata kama 101,500. Anayetoza hiyo ya pili anafanya kazi mwaka mzima na bado hafikishi hata nusu ya mahitaji yake.

Kupima ni kazi

Barry Boehm, Mmarekani aliyechapisha kitabu chake cha uchumi wa uundaji programu mwaka 1981, alionyesha kuwa makadirio ya mwanzoni kabisa hupotoka sana: gharama halisi inaweza kufika mara nne ya makadirio, au ikawa robo yake. Ndiyo maana upimaji niliufanya kuwa kazi ya siku moja inayolipwa peke yake. Tulikaa dukani tukahesabu bidhaa, tukaona oda nyingi huingia kwa WhatsApp, tukachora kurasa kwenye karatasi.

Baada ya hapo hesabu ilikuwa nyepesi. Kuunda kurasa kwa WordPress siku 4, kupanga picha na maelezo ya bidhaa 60 siku 2, majaribio siku 1, kufundisha na kukabidhi siku 1. Nikaongeza siku 2 za yasiyotarajiwa. Siku 10, shilingi 2,200,000. Jina la .co.tz na nafasi ya kuhifadhi tovuti alilipia mwenyewe, kwa jina lake, ili siku tukiachana asibaki mikono mitupu.

Punguza kazi

Akasema, "Punguza kidogo, fundi." Nikamuuliza tutoe nini. Akafikiri, akasema kijana wake atapanga bidhaa mwenyewe nikishamfundisha. Siku 2 zikatoka, bei ikawa 1,760,000. Bei ya siku haikuguswa. Hilo halikumkera hata kidogo, maana kabati lisilo na kioo naye huliuza kwa bei nyingine. Ukishusha bei na kazi ikabaki ileile, unamfundisha mteja kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya uongo.

Makubaliano tuliyaandika kwenye kurasa mbili. Asilimia 40 kabla ya kuanza, 30 baada ya kuziona kurasa, 30 siku ya kukabidhi. Picha zikichelewa zaidi ya siku 14, malipo ya pili hayazisubiri. Kasoro zangu narekebisha bure kwa siku 30. Jambo jipya lina bei mpya. Matunzo ya kila mwezi, yaani kusasisha programu na kuweka nakala za akiba, ni nusu siku: 110,000.

Kazi ikaisha ndani ya siku zilizopangwa, na malipo ya mwisho yakaingia jioni ileile ya kukabidhi. Miezi kadhaa baadaye alinipigia simu akitaka wateja waweze kulipa humohumo kwenye tovuti. Safari hii hakuuliza ni shilingi ngapi. Aliuliza, "Hiyo itakula siku ngapi, fundi, na unakuja lini kupima?"