Njia Isiyochosha

Ukitoka Lushoto mjini, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ukapanda kuelekea msitu wa Magamba, unaweza kufika kwenye kivuli cha mikulo pumzi zako zikiwa bado ziko sawa. Zamani nilidhani ni baridi ya Usambara inayonirahisishia mwendo. Nilikwenda nikitazama juu, nikitafuta mbega matawini, na njia yenyewe sikuipa hata dakika moja. Siku nilipoinamisha macho ndipo nilipoona kuwa kuna mtu aliyenifikiria kabla sijafika.

Njia nzuri ya msituni huanza na mtu asiyeshika jembe. Anapita na panga na vigingi, akipenda siku ya mvua, ayaone maji yanakopenda kupita. Maji ndiye mpinzani wake. Mguu wa binadamu huikanyaga njia ikawa ngumu. Maji yakishaipata huifanya korongo. Kwa hiyo kanuni ya mafundi ni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima inaoukata, na kwa wastani usipande zaidi ya mita 10 katika kila mita 100 za mwendo. Ikizidi hapo, maji huacha kuivuka njia, yakaanza kusafiri nayo.

Kisha ndipo sururu inapoingia. Sehemu yote ya kukanyagia huchongwa ndani ya ubavu wa mlima, kwa sababu udongo wa kujazia ukingoni huporomoka masika ya kwanza. Uso wake huinamishwa kidogo upande wa bonde, kiasi ambacho jicho halitambui ila tone la maji hutambua. Na hapa na pale njia hushuka hatua mbili tatu kabla ya kupanda tena. Niliwahi kuviona vishuko hivyo kama uzembe wa mchimbaji. Kumbe ndipo maji yaliyoanza kukusanyika yanapotolewa nje, yakamwagikie majani makavu yaliyo chini.

Wakulima wa Usambara wanaujua mteremko kuliko wengi wetu. Wapo wanaopima mistari ya makinga maji kwa fremu A: miti miwili iliyofungwa kileleni, mmoja wa kukingama katikati, na jiwe linaloning'inia kwa kamba kama timazi. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta, nao wakaipinga amri ile. Lakini kuusoma mlima hawakuacha, na mkono uliozoea kusawazisha shamba la viazi haupati shida kusawazisha njia.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi kipande kimoja cha udongo kinavyowatosha watu wasiofanana. Mama anashuka na mzigo wa kuni kichwani, mpana kuliko mabega yake. Anahitaji matawi yakatwe juu na pembeni, na kona iliyo pana na tambarare, ageuke bila kuutingisha mzigo. Kijana wa baiskeli anaihitaji kona hiyo hiyo ili amwone mama mapema afunge breki. Mzee anahitaji jiwe pana lililozikwa vizuri, lisilocheza chini ya mguu. Mgeni anahitaji pa kusimama bila kumzuia yeyote. Fundi aliyewawaza wote hawa hakuweka kibao. Alichonga kona, akaenda zake.

Si njia zote za milima hii ziko hivyo. Ziko za mkato zilizonyooka moja kwa moja hadi juu, na mvua imezigeuza mitaro. Watu wakikwepa tope hukanyaga pembeni, njia inapanuka, miche inakufa. Njia mbaya huula msitu polepole. Ile iliyopimwa kwa subira huwashika watu ndani ya upana wake bila uzio wala askari.

Nayo haijitunzi. Kabla ya vuli na kabla ya masika lazima mtu apite na jembe, afungue matoleo ya maji yaliyozibwa na majani na udongo. Basi ukipita huko ukaona maji yametuama njiani, usiyaruke. Sogeza majani kwa kisigino chako, uyafungulie upande wa bonde.