Habari Inayotembea kwa Miguu

Lubutu iko kaskazini mwa jimbo la Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye barabara ya taifa namba 3 itokayo Kisangani kupitia Walikale hadi Bukavu. Makao makuu ya jimbo ni Kindu, lakini kwa mtu wa Lubutu Kisangani ndiyo iliyo karibu, ingawa ni ya jimbo jingine. Msitu umeizunguka Lubutu pande zote. Mchele, mafuta ya mawese, chumvi na wagonjwa husafiri kwa pikipiki, kwa baiskeli na kwa mabega ya watu. Katika nchi ya namna hii mtu hasubiri gazeti. Husubiri redio, na asipokuwa na redio humsubiri jirani aliyesikiliza.

Huyo jirani ndiye sababu ya insha hii. Nataka kuisifu kazi ya utangazaji kama inavyomfaa kijana wa Lubutu aliyekwenda chuoni kuisomea, na naona haiwezi kusifiwa sawasawa bila kumtaja jirani anayeipokea na kuipeleka mbele. Mawimbi ya FM huenda kwa mstari ulionyooka. Kilima huyazuia, na msitu mnene huyapunguza nguvu. Kituo cha jamii chenye mtambo mdogo wa wati mia kadhaa hakiwezi kuzifikia kila kambi ya wachimbaji na kila shamba la mpunga. Mawimbi yakiishia, habari haiishi. Mama aliyeisikia sokoni humweleza mumewe, mumewe humweleza mwenye pikipiki, na mwenye pikipiki huishusha katika kijiji ambako antena ya simu haishiki chochote. Sehemu ya mwisho ya safari, habari huenda kwa miguu.

Basi mtangazaji wa mahali kama hapa hazungumzi na msikilizaji peke yake. Anamkabidhi msikilizaji sentensi ambayo lazima naye ataisema kwa mwingine. Uhodari wa kazi hii haupimwi studio, ambako sauti ni nzuri na muziki umeingia kwa wakati wake. Hupimwa katika kijiji cha tatu, kwa mtu aliyeambiwa na mtu aliyeambiwa. Je, ujumbe umefika mzima?

Watu wa mto Kongo walilijua swali hili kabla ya redio kuwapo. Walokele wa karibu na Kisangani walipeleka habari kwa ngoma za mbao: gogo lililochimbwa ndani, lenye mwanya mmoja na sauti mbili, ya juu na ya chini. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu na kujifunza kuzipiga mwenyewe, alieleza katika kitabu chake cha 1949 namna zilivyofanya kazi. Ngoma haina irabu wala konsonanti. Ina kupanda na kushuka kwa sauti tu, na maneno mengi ya Kilokele hupanda na kushuka kwa namna moja. Kwa hiyo mpigaji hakulipiga neno moja likapotea kati ya ndugu zake. Alilifungia ndani ya fungu refu la maneno yaliyozoeleka, ili aliye mbali, hata kama upepo umemnyang'anya nusu ya ujumbe, atambue kilichosemwa. Kijiji kilichosikia kilipokea na kupiga tena kwa ajili ya kijiji kilichofuata. Mpigaji hodari alijua tangu pigo la kwanza kwamba ujumbe wake utapigwa na mikono mingine.

Mwanafunzi wa utangazaji ni mrithi wa mpigaji huyo, na urithi huu unafundishika. Kuna zoezi moja ninalolipenda kuliko yote, nalo halihitaji umeme. Chukua tangazo kama linavyotoka ofisini: «Zoezi la utoaji wa chanjo dhidi ya surua kwa watoto wenye umri wa kuanzia miezi 6 hadi miezi 59 litafanyika katika vituo vyote vya afya siku ya Jumanne asubuhi.» Lisome mara moja kwa mwenzako. Yeye amwendee wa pili nje ya chumba na kumweleza, wa pili amweleze wa tatu. Kisha wa tatu aingie aseme alichoambiwa. Mara nyingi atakuja na chanjo na watoto, lakini siku haipo, na umri umegeuka kuwa «watoto wadogo».

Sasa liandike upya. «Wazazi, chanjo ya surua ni Jumanne. Mwenye mtoto wa miezi sita mpaka yule ambaye hajatimiza miaka mitano, ampeleke kituo cha afya Jumanne asubuhi. Ni chanjo ya surua, Jumanne.» Siku imetajwa mara tatu. Mwalimu wa insha angekata mbili. Mwalimu wa redio huziacha zote tatu, kwa kuwa anajua moja itaanguka barabarani na nyingine itaanguka mlangoni. Na jambo lenyewe si dogo: katika mlipuko wa surua ulioanza 2019, zaidi ya watu 6,000 walikufa nchini Kongo, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Pale ambapo chanjo ipo na mzazi hakujua siku, sentensi iliyoandikwa vibaya ina sehemu yake katika msiba.

Ukilirudia zoezi hili kwa habari za kila namna, unaanza kujua ni vitu gani huanguka kwanza. Cha kwanza ni kanusho. Katika Kiswahili kukanusha kumekaa ndani ya silabi fupi mwanzoni mwa kitenzi, na silabi hiyo humezwa na kelele za soko au na injini ya pikipiki. «Daraja halijavunjika» huondoka studio likiwa salama na kufika kijijini limevunjika. Mtangazaji anayemjali msikilizaji husema, «Daraja ni zima. Magari yanapita.» Cha pili ni tarakimu. Idadi ikipita midomo mitatu hupanda, haishuki. Kwa hiyo mtangazaji huitaja mara moja kwa utulivu, kisha huirudia kwa namna ambayo mtu ataikumbuka: «watu kumi na wawili, yaani dazeni moja.» Cha tatu, na hiki ndicho cha hatari kupita vyote, ni maneno ya tahadhari. «Inasemekana», «inadhaniwa», «habari ambazo hazijathibitishwa»: haya hufa hatua ya kwanza tu. Msimulizi wa pili hana nafasi ya kuyabeba. Hubeba tukio.

Hapa ufundi wa sentensi unageuka kuwa suala la dhamiri. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwananchi anaweza kuujengea uvumi nyumba kwa methali hiyo, lakini mtangazaji hana ruhusa ya kujificha chini yake. Akijua kwamba «inasemekana» haitavuka mto, basi uvumi alioutangaza kwa tahadhari ni sawa na uvumi alioutangaza kama ukweli. Atapiga simu kwa mkuu wa kituo cha afya, atamtafuta mtu aliyekuwapo, atamwuliza aliye upande wa pili. Asipopata uhakika, atanyamaza, hata kama kituo jirani kimeshatangaza.

Lubutu ina haki ya kudai uangalifu huu kuliko miji mingi. Kilomita chache kutoka mjini, kando ya barabara hiyohiyo, ni Tingi-Tingi. Kuanzia mwisho wa 1996 hadi mwisho wa Februari 1997, zaidi ya wakimbizi 100,000 wa Rwanda walikusanyika pale, wamechoka kwa mwendo wa wiki nyingi msituni, huku vita vikiwafuata nyuma. Wengi, na hasa watoto, walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine waliuawa kambi ilipotekwa. Mwenyeji wa Lubutu mwenye umri wa kutosha haambiwi habari hizi. Aliziona.

Msiba huo ulitokana na mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, nayo yalikuwa na mizizi mingi, na mmoja wake ulikuwa redio. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Kigali mwezi Julai 1993. Watangazaji wake walikuwa hodari kabisa: walijua kuchekesha, walijua kuzungumza kama watu wa mtaani, na walijua kutunga sentensi ambayo msikilizaji angeirudia. Kila kitu nilichokisifu hapo juu walikuwa nacho, na walikitumia kuwataja binadamu wenzao kama wadudu wa kuangamizwa. Mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwanahistoria na mwalimu wa chuo kikuu. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Desemba 2003, na rufaa ya 2007 ikaiacha hatia yake ya kuchochea mauaji kwa matangazo ya redio hiyo. Mwanafunzi wetu asome hukumu hiyo kabla hajakabidhiwa maikrofoni. Itamfundisha kwamba shahada ya chuo haimkingi mtu, na kwamba sentensi inayosafiri vizuri husafiri vizuri hata ikiwa na sumu.

Asome pia upande wa pili wa historia hiyo. Agosti 1994, wiki chache baada ya mauaji ya kimbari kukoma, Redio Agatashya ilianza Bukavu kwa juhudi za wanahabari kutoka Uswisi, ikiwapa wakimbizi na wenyeji habari zilizohakikiwa katika eneo lililojaa uvumi. Iliendelea hadi vita vilipoifikia Bukavu Oktoba 1996. Wanahabari hao waliunda Wakfu wa Hirondelle, nao pamoja na ujumbe wa Umoja wa Mataifa wakaanzisha Redio Okapi tarehe 25 Februari 2002. Kongo ilikuwa imekatwa vipande na majeshi, na mtu wa Kindu alikuwa hajui kinachoendelea Kinshasa isipokuwa kwa uvumi. Redio hiyo ilizungumza na pande zote za mstari wa vita kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, na Kindu ikapata kituo chake. Kazi hiyo ina gharama. Serge Maheshe aliuawa Bukavu tarehe 13 Juni 2007, na Didace Namujimbo aliuawa humohumo Novemba 2008. Wote wawili walikuwa wanahabari wa Redio Okapi. Mwanafunzi anayeyajua majina hayo hataichukulia saa yake hewani kama mchezo.

Lakini siku nyingi za mtangazaji hazina vita ndani yake. Zina komunike, yaani matangazo mafupi ya wananchi. Familia inaleta karatasi: mzee amefariki, matanga yako mahali fulani, watoto walioko machimboni waje. Shule inatangaza siku ya kufungua. Mtu amepoteza kadi ya uchaguzi. Wanafunzi wengi huiona komunike kama kazi ya wasiojaliwa, nao hutamani mjadala wa siasa na taarifa ya habari. Mimi naiona kuwa ndiyo shule yenyewe. Katika komunike kila neno lina mwenyewe. Ukilitamka vibaya jina la marehemu, wanawe walioko msituni hawatajua kwamba ni baba yao. Ukikosea jina la kijiji, ndugu watalala njiani na kufika maziko yamekwisha. Kwa hiyo mwanafunzi humwomba aliyeleta karatasi alitamke jina mwenyewe, taratibu, na hulirudia mbele yake mpaka mwenye msiba aseme, «Ndivyo.» Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo sauti ya mtu inaweza kumpa mtu mwingine.

Lugha nayo humdai heshima. Karatasi za serikali huja kwa Kifaransa. Nyumbani wazee wengi huzungumza Kikumu. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote, na Kiswahili cha Maniema kina miaka zaidi ya mia moja na mwendo wake wenyewe. Mtangazaji akileta maneno ya Dar es Salaam ambayo hakuna anayeyatumia sokoni, msikilizaji atayaelewa nusu na hatayarudia kabisa. Akizungumza kama vijana wa kijiweni, mzee atayaelewa na ataona haya kuyarudia. Anatafuta Kiswahili ambacho mama muuza mchele anaweza kukichukua kama kilivyo na kumpelekea mkwe wake. Kukipata ni kazi ya miaka, na hakipatikani darasani. Hupatikana kwa kukaa na watu na kuwasikia wakisimulia leo ulichokisema jana.

Najua kazi hii hailipi vizuri. Vituo vingi vya jamii huishi kwa ada za matangazo, kwa misaada, na kwa kujitolea. Umeme ni wa jenereta au wa paneli za sola, na mafuta yakiisha au wingu likikaa, kipindi kinakatika. Kijana mwenye shahada atavutwa na Kinshasa au Goma, na akienda simlaumu. Namwomba tu aanzie nyumbani, walau kwa mafunzo yake ya vitendo. Katika jiji kubwa msikilizaji asiyeelewa hufungua simu yake na kutafuta penginepo, na kosa la mtangazaji hufunikwa na vyanzo vingine kumi. Lubutu haimpi mtangazaji kifuniko hicho. Kila jina, kila siku na kila idadi aliyoitamka itarudi kwake, kwa sababu watu watakuwa wamesafiri kwa kuitegemea. Atakayejifunza kusema huku akijua hivyo ataweza kutangaza kituo chochote duniani, na wananchi wa huko watakuwa wamepata mtu wa kuaminika.