Diophantus na Namba Mbili Zilizofichwa

Wengi wetu twafundisha hesabu kama wimbo wa kukariri: mtoto huijua kanuni, asijue imetoka wapi. Basi twapenda kukipima kitabu cha zamani kiitwacho Arithmetica, alichokiandika Diophantus wa Alexandria, katika nchi ya Misri, kwa lugha ya Kiyunani.

Katika sehemu ya kwanza, fumbo la 27, ataka namba mbili ambazo jumla yake ni 20, nazo zikizidishwa moja kwa nyingine zatoa 96. Sisi tungeiondoa namba moja na kutia nyingine mahali pake, tukaingia katika mlinganyo mrefu. Yeye hafanyi hivyo. Huigawa 20 nusu kwa nusu, akapata 10. Kisha husema, namba moja imezidi 10 kwa kiasi fulani, na ya pili imepungua kwa kiasi kile kile. Ukizizidisha, wapata 100 iliyopunguzwa mraba wa kiasi hicho. Toka 96 hata 100 ni 4. Basi kiasi ni 2, na namba ni 12 na 8.

Fumbo la 28 lataka jumla iwe 20, na miraba ya namba hizo ikijumlishwa iwe 208. Ufunguo ni ule ule: 200, pamoja na mraba wa kiasi mara mbili. Kiasi ni 2 tena.

Njia hii twaisifu sana. Walakini tuna lawama. Ashurutisha mabaki yawe mraba kamili. Tukiweka 97 mahali pa 96, mabaki ni 3, na fumbo halikubaliwi kwake. Hali namba hizo ziko, ila haziandikiki kwa namba nzima wala kwa sehemu. Tena mafumbo mengi ayapa mfano mmoja tu.

Na mkulima afaidi nini? Shamba la mstatili lenye mzunguko wa hatua 40 haliwezi kuzidi eneo la hatua za mraba 100, maana mraba wa kiasi hupunguza tu. Atakayekuuzia kwa 101 amekosa, au akudanganya. Tena lenye urefu wa 19 na upana wa 1 lina mzunguko ule ule, na eneo lake ni 19 tu! Anunuaye kwa kupima mzunguko peke yake ajihadhari.

Walimu wenzetu, tuwaonyeshe watoto sababu kwanza, kanuni itafuata.