Robo Saa na Kibaba

Haba na haba, walisema wahenga, hujaza kibaba. Walichokiacha bila kukisema, kwa kuwa kila mtu alikijua, ni kwamba kibaba chenyewe ni kimoja. Amiminaye punje leo katika chombo hiki na kesho katika kile, mwaka utamwishia na hakuna kilichojaa.

Charles W. Eliot aliongoza Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwa miaka 40, tangu 1869 hadi 1909. Alizoea kusema katika hotuba zake kwamba rafu ya futi chache yatosha kubeba vitabu vya kumpa mtu elimu pana, ile imleayo akili na utu kabla ya kumfunza kazi. Kampuni ya uchapishaji ya P. F. Collier ikamtaka avitaje. Akisaidiwa na William A. Neilson, akateua, na mnamo 1909 na 1910 zikatoka juzuu 50 za Harvard Classics. Zikafuatana na mwongozo uliompangia msomaji fungu moja kwa kila siku ya mwaka, la kusomwa kwa dakika 15.

Nia hiyo haistahili kubezwa. Ilimfungulia mlango mtu ambaye ujana wake ulipita bila chuo, na ikamwambia kwamba Plato na Dante si mali ya wenye shahada peke yao. Robo saa hata mchovu huipata.

Kasoro imo katika mwongozo. Unafuata kalenda, haufuati kitabu. Januari 1 msomaji hupewa Franklin. Januari 3, kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Cicero, hupewa maneno ya Cicero juu ya urafiki. Hivyo huenda mwaka mzima kama mgeni aonjaye kila chungu asikae kula. Mwisho wake huyajua majina mengi, na hakuna kitabu kilichokaa naye hata kikambadilisha.

Jambo la ajabu ni kwamba juzuu ya 16 ya rafu hiyohiyo ni Alfu Lela Ulela. Shahrazadi naye aligawa hadithi kwa mafungu, usiku baada ya usiku, na uhai wake ulitegemea mgawo huo. Lakini alikata pale penye kiu, na usiku wa pili akaanzia palepale. Mfalme hakulainishwa na ufupi wa fungu, bali na kule kungoja liendelee.

Wapenzi wa ushairi wana lao jingine. Odisei ya Homer, katika juzuu ya 22, imetiwa katika tafsiri ya nathari ya Butcher na Lang. Kisa kimebaki, mapigo ya ubeti yamekwenda. Walionufaika ni washairi wa tungo fupi, waliomo katika juzuu za 40 hadi 42: soneti huenea yote ndani ya robo saa, na nafasi ikabaki ya kuirudia mara tatu kwa sauti.

Pwani ya Waswahili haikuhitaji kufundishwa kusoma kidogokidogo. Katika darsa, mwanafunzi husoma mistari michache mbele ya shehe wake, akaelezwa, na kesho akaanzia alipoachia, mpaka kitabu kikahitimishwa. Mwezi wa Ramadhani, juzuu moja kwa siku huumaliza msahafu kwa siku 30. Fungu ni dogo, lakini lina lilikotoka na lina liendako.

Eliot mwenyewe aliweka sharti: vitabu vile vingemfaa mwenye kuvisoma kwa moyo wa kujitolea, hata akiwa na dakika 15 tu. Matangazo ya biashara yakazishika dakika na kuuacha moyo.

Basi afadhali msomaji azihifadhi dakika na kuiweka kando kalenda. Kazi kuu ya Dante, iliyo katika juzuu ya 20, ina sehemu 100, na mtunzi mwenyewe ndiye aliyezipima: nyingi ni za mistari 140 hivi, kadiri ya robo saa kwa asomaye kwa sauti. Aanzaye leo msituni, akasoma sehemu moja kila siku bila kuruka, siku ya 100 atakuwa ameziona nyota za mwisho, na kibaba kimejaa.