Dakika 15 za Voi

Maembe yakikolea Taveta na kwenye miteremko ya Taita, bei yake sokoni Voi hushuka kila uchao, na yasiyopata mnunuzi huozea kando ya meza. Wako akina mama wanaozingoja siku hizo. Huchagua yenye makovu ya ganda, ambayo wengine huyapita, wakayageuza jamu itakayoliwa msimu ukishasahaulika. Mtaji wao ni sufuria kubwa, jiko la makaa, leso kuukuu na chupa za kioo zilizookolewa zisitupwe. Vifuniko peke yake ndivyo hununuliwa vipya, kwa kuwa utepe laini wa ndani ukishabanwa mara moja haushiki tena sawasawa. Hapo si pa kubania shilingi.

Yaliyoiva huleta utamu, lakini mjuzi huchanganya na machache mabichi, maana embe bichi lina pektini nyingi, nayo ndiyo inayoigandisha jamu. Kisha ndimu. Ukali wake haukuwekwa kwa ajili ya ulimi tu: asidi huwazuia vijidudu wasizaane, na sukari huyashika maji yaliyomo hata wakose ya kutumia. Mwiko hautoki sufuriani. Tone hudondoshwa kwenye sahani baridi na kusukumwa kwa kidole. Uso ukikunjamana, jamu imefika. Napenda sana kipimo hiki, jicho na kidole kufanya kazi pamoja.

Chupa hujazwa zikiwa moto, kwa sababu kioo baridi kikimiminiwa kitu cha moto hupasuka. Robo inchi huachwa wazi juu. Kijiti hupitishwa kandokando kutoa mapovu ya hewa, kisha mdomo wa chupa hupanguswa vizuri, kwani tone moja chini ya kifuniko latosha kuipitisha hewa. Zikishafungwa, leso iliyokunjwa hutandikwa ndani, kwenye kitako cha sufuria, chupa zisigonge chuma, na maji huzifunika hadi inchi moja juu ya vifuniko.

Hapa milima ya Taita huingia jikoni. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, na kila ukipanda mita 300 hivi hupungua nyuzi moja. Voi iko karibu mita 600, Wundanyi takriban 1,400. Kule juu maji hurukaruka na kuvuma, kumbe yamefika nyuzi 95 tu. Pengo hilo hufidiwa kwa muda: chupa za jamu zinazochemshwa dakika 10 Mombasa huachwa 15 Voi na 20 Wundanyi. Mchemko ukikatika, hesabu huanza upya, ndiyo maana makaa ya kutosha hupangwa mapema. Nicolas Appert, Mfaransa aliyetuzwa faranga 12,000 na serikali yake mwaka 1810 kwa ufundi huu wa chupa, hakujua kwa nini ulifaulu. Maelezo ya vijidudu yalikuja na Louis Pasteur, miaka hamsini hivi baadaye. Alichokuwa nacho Appert ni moto na subira, na vilimtosha.

Kuna mpaka usiovukwa. Maharagwe, sukuma wiki, nyama na samaki havina asidi ya kutosha. Mbegu za bakteria wa botulizimu huvumilia maji yanayochemka, kisha humea ndani ya chupa isiyo na hewa na kutoa sumu inayoua, ambayo huenda usiinuse wala kuionja. Vyakula hivyo vyataka chombo cha presha cha kuhifadhia, kinachopandisha joto hadi nyuzi 116 au zaidi. Asiye nacho na aanike mboga zake, jua la Voi lipo. Nyanya ziko ukingoni kabisa, kwa hiyo kila lita hutiwa vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau ya dukani, ambayo ukali wake haubadiliki.

Zikiopolewa, chupa hupangwa juu ya kitambaa, mbalimbali, zisiguswe hadi kesho yake. Zikipoa, vifuniko hujivuta ndani kimoja kimoja kwa mlio mfupi. Asubuhi kila kimoja hubonyezwa katikati. Kilichotulia huandikwa tarehe na kupelekwa kabatini gizani. Kinachobonyea na kurudi, chupa yake hufunguliwa siku hiyohiyo na jamu ikaliwa kwa chapati.